Alhamisi ya Mzee wa Miaka Ishirini

Jumatatu ni siku yetu ya maandalizi. Tunafua, tunakwenda sokoni Majengo, tunapiga simu nyumbani. Jumatatu iliyopita dada yangu aliniuliza kwenye simu, "Lakini nyinyi hushinda mkifanya nini? Mnatembea tu?" Nikamwambia nitamwandikia siku moja, jinsi ilivyokuwa, bila kupamba. Nimechagua Alhamisi kwa sababu bado inanisumbua.

Kwa wasionijua: mimi ni kijana wa Nandi Hills, Kenya, mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi mnalijua kama Wamormoni. Wavulana tunatumikia miezi 24. Hujichagulii pa kwenda. Unapeleka maombi, kisha barua inakuja na kukuambia. Wenzangu barua zao zilisema Ghana na Afrika Kusini. Yangu ilisema misheni ya Dar es Salaam, nami nikaishia Dodoma. Mama aliisoma mara mbili, akauliza, "Hapo tu?"

Cheo chetu kwa Kiswahili ni Mzee. Nina miaka 20, ndevu zangu zinahesabika, na ninaitwa Mzee. Hapa Dodoma jambo hilo limewafurahisha watu kuliko mahubiri yangu yote.

Saa 12:30 asubuhi

Kuamka ni saa kumi na mbili na nusu, kwa sheria. Kitu cha kwanza ni kusikiliza bomba. Kama linakoroma, maji yanakuja, na kila chombo ndani ya nyumba kinapangwa foleni. Alhamisi halikukoroma, kwa hiyo tukagawana dumu moja: yeye nusu, mimi nusu, na vyombo vya usiku vikasubiri.

"Yeye" ni mwenzangu. Tunaishi wawili wawili na haturuhusiwi kuachana. Nikienda dukani naye yupo, akienda kwa kinyozi nami nipo. Anatoka Idaho, Marekani, kwao wanalima viazi. Asubuhi anapiga pushapu hamsini. Mimi namhesabia nikiwa nimelala chali.

Saa 2:00

Kusoma. Kila mtu peke yake kwanza, maandiko na sala, kisha tunasoma pamoja na kupanga tutamfundisha nani, na nini.

Halafu Kiswahili, na hapa kuna aibu kidogo. Nilikuja nikijua mimi ndiye nitakuwa mwalimu. Wiki ya kwanza nilimwambia mtoto "kuja hapa," akaniangalia kama ng'ombe aliyezungumza. Mwenzangu akamwambia, "Njoo, mtoto mzuri," naye akaja. Dukani nilisema "nipe mkate". Muuzaji alinipa, lakini kwa uso ule unaomrudishia mtu deni. Sasa nasema, "Samahani dada, naomba mkate," na mkate ni uleule. Nimejifunza pia kwamba ndengu zangu hapa ni choroko, na ukimwamkia mtu mzima bila shikamoo umeshaharibu kabla hujafungua mdomo mara ya pili. Ndiyo, Mkenya anasahihishwa Kiswahili na mtoto wa mkulima wa viazi. Dada, ukimwambia mtu nitakataa.

Saa 4:00

Daladala hadi Veyula, barabara ya Arusha. Alhamisi asubuhi ni ya huduma: tunavua mashati meupe na tai, tunavaa nguo za kazi, tunamsaidia mtu. Wiki hii alikuwa mama mmoja mwenye shamba la zabibu. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na huu ulikuwa msimu wa pili, wakati ambao mvua ni hadithi na upepo unabeba vumbi jekundu hadi kwenye meno.

Mama akatupa mkasi kila mmoja. Mimi nikaanza kazi kwa kasi, nikidhani namfurahisha. Alinijia mbio kutoka mstari wa tatu. "Baba, usinyofoe! Kata!"

Nikatazama mkono wangu. Mkasi ulikuwa umening'inia kwenye kidole, na vidole vingine vilikuwa vinavunja kikonyo kama nilivyozoea. Nyumbani tumekulia kwenye majani chai. Mama yangu amechuma miaka yote, kikapu mgongoni, majani mawili na kichipukizi, na sisi likizo tulikuwa tunamsaidia. Kule ukishika mkasi umechelewa. Hapa ukivuta, kishada kinachubuka, utomvu unatoka, nyigu wanakuja, na mnunuzi anashusha bei. Nikaanza upya, polepole: shika kishada kwa kiganja kutoka chini, kata kikonyo karibu na tawi, laza kwenye kreti, usirushe.

Tulijaza kreti kumi na moja. Nikamuuliza zinakwenda wapi. "Kiwandani, mvinyo," akasema, kisha akakumbuka anaongea na akina nani, akacheka hadi akaketi kwenye kreti tupu. Sisi mvinyo hatunywi. Hata kwenye sakramenti tunatumia maji na mkate. Nilimwambia hivyo, akasema Dodoma hii maji ndiyo ya gharama, afadhali tungebaki na mvinyo.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie. Mwenzangu alitia pilipili akidhani ni kachumbari. Sina la kuongeza.

Saa 8:30

Nkuhungu, na mashati meupe tena. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hutuona: vijana wawili na begi, hodi kwa hodi.

Kwetu mtu asiyekutaka anakwambia, unaenda. Hapa hakuna aliyewahi kunifukuza. Wanasema, "Karibuni sana, ila leo mmenikuta natoka," na amevaa kanga na ndala, mwiko mkononi. "Siku nyingine, Mungu akipenda." "Baba mwenye nyumba hayupo," na kikohozi cha baba kinasikika chumbani. Mwanzoni nilikuwa naandika kwenye daftari, "Amekaribisha, turudi." Nilikuwa na kurasa nne za watu wa kurudia. Mwenzangu ndiye aliyenieleza kwamba nyingi ya hizo ni hapana, imevikwa nguo nzuri tu. Wengine wanauliza tunalipwa shilingi ngapi. Tukisema hatulipwi mshahara, wanatuonea huruma na kutuletea maji.

Nyumba ya saba tulikaribishwa kweli. Mama wa makamo, mkeka chini ya mwarobaini, maswali mazuri. Halafu bila kuuliza akaingia ndani na kutoka na chupa ya chai. Chai ya maziwa, tangawizi, harufu ile ile ya jikoni kwetu saa kumi jioni. Akamimina vikombe viwili mpaka ukingoni.

Tunalo agizo tunaloliita Neno la Hekima, la tangu 1833: hakuna pombe, hakuna tumbaku, hakuna kahawa, hakuna chai. Nililieleza kwa upole wote nilionao, mikono yote miwili kifuani. Akaniuliza natoka wapi. Kenya. Kenya wapi? Nandi Hills. Aliweka chupa chini.

"Sasa nyie hiyo chai mnamlimia nani?"

Sikuwa na jibu, na sasa bado sina. Karo yangu ya shule ililipwa na majani chai. Kila daftari nililowahi kuandikia lilitoka kwenye kile kikapu. Wazazi wangu walipobatizwa nilikuwa na miaka tisa. Mama aliacha kuinywa siku ileile, kesho yake alfajiri akaenda kuichuma. Hatukuwahi kuliongelea. Ilikuwa kazi.

Yule mama hakukasirika. Alivirudisha vikombe kwenye chupa, kimoja kimoja bila kumwaga tone, akatuletea juisi ya ubuyu, nyekundu, yenye chumvi kwa mbali. Tukanywa vikombe viwili viwili, cha pili kwa sababu ya kiu na cha kwanza kwa sababu ya deni. Akasema, "Karibuni tena." Mwenzangu alipoandika kwenye daftari nilimtazama. "Hii ni ya kweli," akasema.

Saa 11:00 jioni

Nala, barabara ya Singida, kwa babu.

Babu ni Mgogo, mfugaji, macho yanaanza kufifia. Tunaingia na "Mbukwenyi," naye anatuitikia huku akitafuta kwa mkono vigoda vya kutukalisha. Hii ilikuwa mara yetu ya tano. Anapenda tumsomee Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu mengine kando ya Biblia, kwa sauti, na anasikiliza kama mtu anayekagua mkataba. Tulipomsomea jinsi Lehi, nabii wa mwanzo wa kitabu hicho, alivyoondoka Yerusalemu, akaacha dhahabu na fedha, akachukua jamaa yake, chakula na mahema kwenda nyikani, alituzuia.

"Na ng'ombe?"

Nikapitia mistari. Hawajatajwa.

"Basi huyo hakuwa nao. Mtu mwenye ng'ombe hawezi kuhama usiku mmoja."

Alhamisi, hata hivyo, hakutaka kusomewa. Aliuliza moja kwa moja: akitaka kubatizwa afanyeje? Nyuma yake wake zake wawili walikuwa wanapepeta uwele, mama mkubwa upande wa zizi, mama mdogo mlangoni kwake, kila mmoja na ungo wake, na sauti za nyungo zikapungua.

Mwenzangu ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake kile safi, na nilimshukuru kwa kuwa ningelikimbia lile swali. Akamwambia kwamba kanisa letu lenyewe zamani lilikuwa na ndoa za wake wengi, kwamba tangazo la kuziacha lilitolewa 1890, na kwamba leo mwanamume mwenye wake wawili hawezi kubatizwa akiwa bado nao.

Babu alikaa kimya muda mrefu. Kuku alipita kati yetu.

"Nyie mliacha," akasema. "Mimi nimwache nani?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama anavyouliza kuhusu ng'ombe wa Lehi, akitegemea kwamba vijana waliosoma kitabu watakuwa na mstari. Huyu wa kwanza amezika naye watoto wawili. Yule wa pili hana kwao pa kurudi. Nilikuwa na sala mdomoni na haikutoka. Nilichosema ni, "Sijui, babu," na hilo si jibu la mmisionari, ila ndilo nililokuwa nalo.

Sheria naiamini. Nimeondoka kwetu kwa sababu ya vitu ninavyoviamini. Lakini siku nzima nilikuwa nimekataliwa kwa maneno matamu na watu wasiotaka kuniumiza, halafu mtu wa kwanza kusema ndiyo, mimi ndiye niliyebeba hapana, na sikujua kuivika nguo.

Tulipoaga, alitusindikiza hadi njia panda, fimbo mbele. Akashika mkono wangu, akauacha ndani ya wake. "Jumanne mje mnisomee. Nataka kujua walifika." Kisha, kama kitu kidogo alichokuwa amekisahau: "Wewe wa Kenya. Nasikia chai ya kwenu ni nzito. Siku moja uniletee."

Saa 3:00 usiku

Nyumbani. Bomba lilikuwa limekuja na kuondoka tukiwa nje. Tulilikuta linatoa tone la mwisho. Tukapanga siku ya kesho, kila saa na mstari wake. Kwa babu tukaandika Jumanne, saa kumi na moja. Pana nafasi ya kuandika lengo la ziara. Mwenzangu alishika kalamu, akaniangalia, akaandika: "Lehi anafika pwani."

Saa nne na nusu taa zilizimwa.

Leo Jumatatu nimempigia mama kabla sijaandika haya. Nimemwomba anitumie majani chai kwa basi linalopitia Arusha, pakiti mbili. Alinyamaza, nikajua anafikiri nimeanguka. Nikamweleza kwamba ni ya mzee mmoja huku. Akauliza mzee mmoja pakiti mbili za nini. Nikamwambia nyumba ziko mbili.