Mgongo Wangu, Farasi Wangu na Ndoo ya Maji

Sikuanguka kutoka juu ya farasi. Naanza na hilo kwa sababu kila anayesikia kuwa diski ya uti wangu wa mgongo imechomoza huuliza, "Alikutupa?" Hakunitupa. Ilikuwa asubuhi na mapema, nimeinua ndoo ya maji iliyojaa, nikajipinda ili niiweke upande wa kushoto, nikasikia kitu kimeachia kiunoni kama kamba iliyokazwa kupita kiasi. Ndoo ikamwagika. Farasi wangu, ambaye sote tunamwita Mzee kwa jinsi asivyokuwa na haraka, alinitazama nikiwa nimepiga magoti, kisha akaendelea kutafuna nyasi zake.

Siku ya tatu maumivu yakahama. Kiuno kilitulia kidogo, lakini moto ukateremka kwenye tako la kushoto, nyuma ya paja, pembeni mwa shavu la mguu hadi juu ya wayo. Kidole gumba cha mguu kikafa ganzi. Kukohoa kulikuwa adhabu, na kukaa kitini dakika kumi ilikuwa adhabu kubwa zaidi. Kipimo cha MRI kilionyesha kuwa diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechomoza na kubana mzizi wa neva. Daktari alinieleza kwamba diski ni kama mto mdogo kati ya mifupa: nje ganda gumu, ndani ute mzito. Ganda likichanika, ute husukumwa nje. Akanipa moyo kwamba wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, na mara nyingi mwili wenyewe hukinyonya taratibu kile kilichotoka.

Kisha akasema, "Na farasi, sahau." Pale kwake sikubisha. Nilibishana naye kimoyomoyo njia nzima nikirudi nyumbani.

Aliyenisaidia hasa ni mtaalamu wa fiziotherapia. Yeye hakuniuliza kama napanda farasi. Aliniambia nimsimulie siku yangu ya zizini, tangu ninapofika mpaka ninapoondoka. Nikamtajia yote: ndoo za maji, toroli la samadi, kusafisha kwato nne nikiwa nimeinama, kurusha tandiko mgongoni mwa farasi, kupanda kutoka chini kwa mguu wa kushoto, kuzunguka uwanja, kuruka chini, kisha kazi nyingine tena. Akapiga hesabu. Kati ya saa tatu, juu ya farasi nilikuwa dakika arobaini tu. "Sasa mbona unalilia hizo dakika arobaini," akasema, "na zile nyingine huzitaji?"

Swali hilo ndilo lililogeuza mambo yote. Usiku tukiwa tumelala, diski hufyonza maji na kuvimba kidogo. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni. Kujikunja na kunyanyua mizigo saa ile ya kwanza baada ya kuamka ni kuichokoza diski ikiwa imejaa. Nami miaka yote kazi nzito zote nilizifanya alfajiri! Nikahamishia zizi jioni. Ndoo moja iliyojaa nikaibadilisha kwa mbili za nusu, moja kila mkono. Toroli nikawa nalijaza nusu, na ninapogeuka nageuza miguu, sio kiuno. Kwato nasafisha mbili, natembea kidogo, narudi kwa zile mbili nyingine, nikiinamia kwenye nyonga na kuegemeza ukwato pajani. Tandiko nalikumbatia kifuani kabla ya kulipandisha. Linachukua muda, na wenzangu walinicheka mwanzoni.

Mazoezi sitayasema sana. Kutembea dakika kumi mara tatu kwa siku, hata wakati sikutaka. Kupiga magoti na mikono chini, kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande mwingine bila kiuno kuyumba. Kujiinua ubavuni kwa kiwiko. Yanachosha akili kuliko mwili, na sijawahi kuyapenda. Ila nilifundishwa alama moja iliyoniokoa na hofu: maumivu yakipanda juu, yaani yakitoka kwenye wayo yakabaki pajani, kisha yakabaki takoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi. Yakishuka kuelekea vidoleni, punguza ulichokuwa unafanya.

Na kuna jambo ambalo sisi wapanda farasi tunaweza kulipuuza kirahisi. Ganzi ya sehemu zile zinazogusa tandiko, kati ya mapaja na kuzunguka sehemu za siri, au mkojo kugoma au kutoka wenyewe, choo kushindwa kujizuia, au miguu yote miwili kulegea, ni dharura ya siku hiyohiyo. Usiseme ni uchovu wa tandiko. Nenda hospitali usiku huohuo.

Nilirudi juu ya Mzee wiki ya kumi na moja, baada ya mtaalamu kuniruhusu. Kipandio kirefu (kijukwaa cha kupandia farasi), mtu ameshika hatamu, mwendo wa kawaida wa kutembea, dakika kumi, basi. Nilishangaa. Kule kuyumba taratibu kwa mgongo wa farasi kuliulegeza mwili wangu kuliko kiti chochote nilichokalia miezi ile. Adui alikuwa mwendo wa matiti (ndilo jina lake, wanaotaka kucheka wacheke), ule wa kudundadunda, miguu miwili ya mshazari ikigusa ardhi kwa pamoja. Kuukalia huo ukiwa umejibweteka ni kupokea kila pigo moja kwa moja kiunoni. Nikaacha kabisa kuukalia. Nainuka na kushuka kwa kufuata mdundo, na vikuku, zile pete za tandiko za kukanyagia, nimevipandisha matundu mawili ili magoti na vifundo vya miguu vibebe kazi. Shoti ya taratibu ilirudi baadaye, nikiwa nimejiinua kidogo kutoka kwenye tandiko. Kuruka vizingiti nimeacha, na hilo liliniuma kuliko diski.

Kushuka ndiko nilikochelewa kujifunza. Zamani niliruka na kutua kwa visigino. Sasa namrudisha Mzee penye kipandio, natoa miguu yote vikukuni, nalaza kifua shingoni mwake na kuteleza polepole. Dawa za maumivu sinywi kabla ya kupanda, maana nataka kusikia mwili unasema nini. Mkanda wa kiuno niliuvaa wiki chache nikauvua. Niliona unanifanya jasiri pasipostahili.

Hatari ya kuanguka ipo palepale, na hakuna zoezi linaloiondoa. Nimelipima hilo nikaamua mwenyewe. Mwingine akiamua kuacha, sitamlaumu.

Kila siku kabla ya kupanda natembea hatua kumi kwa visigino, vidole vimeinuliwa juu, kwa kuwa neva iliyobanwa ndiyo inayoinua wayo. Juzi kidole gumba cha kushoto kilikuwa kizito. Si maumivu, uzito tu. Mzee alikwisha tandikwa na amesimama penye kipandio. Nikamvua tandiko, nikampiga brashi, tukatembea pamoja kwa miguu kuzunguka uwanja mara mbili, yeye akinisukuma bega kwa pua akidhani nimesahau kitu.