Nilivyopunguza uniti za umeme kwenye tanuri la chuma

Nilipokabidhiwa zamu ya tanuri la tao la umeme (linaloyeyusha chuma kwa tao, yaani cheche kali ya umeme inayoruka kati ya elektrodi na chuma), katika kiwanda cha nondo huko Ghuba, wakubwa walitaka jambo moja: uniti za umeme kwa kila tani zishuke. Kuyeyusha tani ya skrapa, yaani chuma chakavu, na kuifikisha nyuzi 1,600 kwahitaji uniti kama 380 za nishati. Kinachozidi hapo huondoka na moshi, slagi (takataka iliyoyeyuka inayoelea juu ya chuma) na maji ya kupozea kuta.

Wenzangu walikuwa wakihangaika na transfoma. Mimi nilianza na saa. Vijana waliandika kila dakika umeme ulipokatwa, na sababu yake, kwa maana chuma hupoa hata kama mita imesimama, na joto hilo utalilipia tena. Daftari likaumbua kreni: kifuniko kimeshafunguliwa, kapu la skrapa bado liko uwanjani! Tukakubaliana hakifunguliwi mpaka kapu lining'inie tayari. Upangaji nao ukabadilika: skrapa nyepesi chini kulinda sakafu, nzito katikati, nyepesi tena juu ili elektrodi, zile nguzo za kaboni zinazoleta umeme, zitoboe bila kuvunjika.

Lakini faida kubwa ilikuwa kwenye povu. Skrapa ikishayeyuka, tao hubaki wazi, na joto lake hupiga ukuta. Basi unapuliza oksijeni na unga wa makaa ndani ya slagi. Makaa hukutana na oksidi ya chuma, hutoka gesi ya kaboni monoksidi, na slagi huumuka kama unga wa maandazi hadi ilifunike tao. Slagi ikiwa majimaji mno mapovu hupasuka, kwa hiyo tuliongeza chokaa ya dolomiti (chokaa yenye magnesia), ambayo pia huyapunguzia matofali ya tanuri kuliwa.

Kupima povu nilifundishwa na Ami, Mwomani ambaye mama yake ni mzaliwa wa Unguja. “Mwanangu, achana na skrini. Sikiliza. Tao likinguruma, linakula ukuta.” Povu likishika, ngurumo hugeuka mvumo mzito, na joto la maji ya kuta hushuka. Nikaanza kuongeza makaa kwa sikio, kisha nahakikisha kwa kipimajoto.

Moshi bado unatoroka na joto jingi. Viwanda vingine hupashia skrapa kwa moshi huo, ila skrapa yetu ina mafuta na plastiki, na hapo utazalisha dioksini, ambayo ni sumu kali. Kwanza tunasaka njia ya kuichambua uwanjani.