Nyonga ndiyo, fuvu hapana

Wiki tatu za mwanzo niliona mayai ya minyoo kila nilipoinamia hadubini. Mwalimu wangu akija kutazama, ananiambia, "Hapana, mwanangu, hiyo chavua." Kesho yake: "Hii ni spora ya kuvu." Nilivunjika moyo kweli. Udongo niliokuwa nikiutazama ulikwanguliwa kwenye nyonga ya mtu aliyezikwa karne nyingi zilizopita, na nilitamani tujue alichoishi nacho tumboni.

Kuandaa sampuli hakukunisumbua: unaloweka udongo kidogo kwenye maji yenye asilimia 0.5 ya kemikali iitwayo trisodiamu fosfeti mpaka ulainike, unauchuja, unabakiza chembe zisizopita kwenye chujio la mikromita 20 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Kazi ni kutazama.

Mambo yalianza kuninyookea nilipoacha kubahatisha kwa umbo, nikawa napima. Yai la minyoo mjeledi, aina ya minyoo wa tumboni, lina urefu wa mikromita 50 hivi na upana kama nusu yake, ganda nene la rangi ya kahawia, mfano wa pipa dogo lenye kizibo kila upande. Katika udongo wa kale vizibo mara nyingi vimeshaoza, yanabaki matundu mawili yanayotazamana. Chavua nyingi hazina matundu ya namna hiyo. Nilichora mayai kwa mkono, makumi kwa makumi, mpaka jicho likazoea.

Lakini hata yai la kweli halitoshi. Je, kama udongo wenyewe ulichafuliwa na kinyesi cha watu wa baadaye? Ndiyo maana naupenda sana uchunguzi wa mifupa ya mfalme Richard III wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013: mayai ya minyoo aina ya mchango yalikuwepo penye utumbo, kwenye fuvu, ambako uchafu wa baadaye ungefika vilevile, hayakuwepo, na nje ya kaburi yalikuwa machache mno. Ötzi, mtu wa kale ambaye mwili wake ulihifadhiwa na barafu, aliyekufa milimani Alps miaka 5,300 hivi iliyopita, hakuhitaji ulinganisho huo; mayai ya minyoo mjeledi yalikutwa ndani ya utumbo wake mwenyewe.

Basi nikarudi kuomba udongo wa fuvu. Niliutazama siku mbili, slaidi baada ya slaidi, nikihofia kuona kitu. Hakukuwa na yai hata moja. Kwenye nyonga yalikuwa saba.

Mwalimu aliinama, akakaa kimya muda mrefu akizungusha kirekebishi cha hadubini. Kisha akavuta daftari langu, akaandika mwenyewe: minyoo mjeledi.