Siku moja maishani mwangu: mhalifu mkuu na kijiko chake

Saa 2:00 asubuhi. Nafika studio, namkuta mhalifu mkuu wa dunia kama nilivyomwacha jana jioni: ameketi mezani, kijiko hewani, mdomo wazi. Ndani ya nguo ana kiunzi cha chuma chenye viungo vidogo. Mimi ndiye ninayemsogeza. Katuni yetu ni ya watu wazima, ya vikaragosi na kupiga picha moja moja: baba anataka kuitawala dunia, mama anataka kujua kwa nini hakuja kwenye mkutano wa wazazi shuleni.

Naanza na taa. Ikihama hata moja, picha itapepesa na kazi yote itaonekana ya hovyo.

Saa 3:00. Sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24. Kila pozi tunalipiga mara mbili, kwa hiyo napanga mapozi 12 kwa sekunde. Mezani wako wanne. Baba anateremsha kijiko, mama anamkazia macho, binti anabenua midomo, mdogo wao anatikisa miguu chini ya kiti. Sauti zilirekodiwa zamani. Mbele yangu nina karatasi inayoonyesha fremu ipi ina herufi ipi, na kisanduku cha midomo ya kubandika: wa A, wa O, wa M.

Saa 5:00. Wageni wakija huomba kuona mlipuko. Mlipuko una nini? Pamba, taa nyekundu, na mtazamaji ambaye hajawahi kuona mji ukiporomoka. Nikikosea, nani atajua? Lakini kila mtu anamjua mume aliyeulizwa, "Umesahau tena?" Macho yake yakichelewa fremu mbili tu, si mume tena, ni mwanasesere. Tukio la kuteka makao makuu ya dunia nililimaliza kwa siku moja. Hiki kifungua kinywa nina siku ya nne nacho.

Saa 7:00 mchana, chakula. Ubishi uleule: M.O.D.O.K., katuni ya vikaragosi ya mwaka 2021 iliyoonyeshwa kwenye mtandao wa Hulu, Patton Oswalt akiigiza sauti ya M.O.D.O.K. mwenyewe, mhalifu mwenye kichwa kikubwa na ndoa inayovunjika. Ilipata vipindi 10 na msimu mmoja tu. Mwenzangu anapenda mapigano yake. Mimi namsifu aliyehuisha uso ule, maana mhusika mwenyewe ni uso mtupu, hana shingo wala mabega ya kuonyesha aibu.

Saa 9:00. Mkono wa shati langu umegusa kiti cha binti. Kimehama milimita mbili, na nimegundua baada ya fremu 40. Nimenyamaza kidogo. Kisha nimezifuta, nikaiweka picha ya mwisho iliyo sahihi juu ya ile ya kamera, hafifu kama kivuli, nikarudisha kiti, mikono na kijiko mpaka vikalingana. Karibu sekunde mbili zimekwenda na maji.

Saa 12:00 jioni. Nimepata sekunde 4. Waya unaoshikilia kijiko utafutwa kwenye kompyuta. Mwongozaji anazitazama mara tatu, anacheka pale baba anapoangalia meza badala ya mkewe. Basi, zimepita.

Nazima taa nikimwachia baba mdomo wa M. Kesho anaanza kusema "Mke wangu", na kwa kasi yangu hatalifikia "wangu" kabla ya saa nne.