Jivu la mpunga kwenye puli ya alumini

Puli ya kwanza ilipasuka kabla haijafungwa kwenye mashine. Iliniponyoka tu ikaanguka sakafuni, ikaachana vipande viwili kama kigae. Mjomba, ambaye amekuwa akisubu alumini hapa Moshi tangu sijazaliwa, akaokota kipande kimoja, akakigeuzageuza. "Umetia majivu ya jikoni humu?"

Si ya jikoni. Ni ya maganda ya mpunga wa Mabogini, yale yanayorundikwa nje ya mashine za kukoboa na kuchomwa bure. Jivu lake ukilichoma tena mpaka weusi uishe, sehemu kubwa inayobaki ni silika, madini yale yale ya mchanga, ngumu kuliko alumini kwa mbali. Wazo la kuimarisha alumini kwa kuichanganya na kitu kigumu si langu, Toyota walitia nyuzi za kauri kwenye pistoni za dizeli mwaka 1983. Langu lilikuwa kosa la hesabu: nilidhani jivu likizidi, nguvu nazo zitazidi. Nikatia asilimia 15 ya uzito.

Pale ilipovunjika palikuwa na madonge ya jivu, kila moja kama punje ya mtama. Nilipokwangua kwa kucha, jivu likamwagika, kavu kabisa. Alumini haikuligusa! Aliyewahi kumwaga zege ananielewa: kokoto yenye udongo haishikani na saruji, hata iwe ngumu vipi. Alumini inatakiwa iikabidhi chembe ya jivu sehemu ya mzigo. Isipoishika, pale pana tundu tu, na ufa huanzia kwenye tundu.

Shida ni kwamba alumini iliyoyeyuka huikimbia silika kama maji juu ya jani la gimbi. Basi safari ya pili nililichekecha jivu kwa kipande cha kanga, nikalikaanga kwenye bati mpaka likauke kabisa (unyevu ukikutana na alumini ya moto inaruka, na mimi kovu ninalo mkononi), nikazamisha kipande kidogo cha magnesiamu kutoka kwenye kava la chenso iliyokufa. Magnesiamu ndiyo inayosaidia alumini ishike chembe. Nikakoroga polepole, maana ukikoroga kwa fujo unaingiza hewa.

Nikasubu fimbo nne, unene wa kidole gumba: moja tupu, nyingine za asilimia 5, 10 na 15. Nikazibana kwenye jiliwa moja moja, nikaning'iniza ndoo na kujaza mchanga taratibu. Ya 15 ilikatika kwa mchanga kidogo kuliko zote. Ya 10 haikuizidi ile tupu. Ya 5 ndiyo iliyobeba mchanga mwingi kuliko zote, ila ilikatika ghafla, wakati ile tupu ilipinda kwanza kama inaomba radhi.

Mjomba alikubali tusubu puli ya asilimia 5. Nikaipeleka kwa fundi wa kukereza. Jioni akapiga simu:

"Mangi, hii uliyoniletea ni alumini au jiwe? Imekula kisu changu. Ukija, njoo na hela ya kisu."