Kidole cha Mtakatifu Anna

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya.

Wiki hii nimekaa na picha moja ya Mtakatifu Anna, mama wa Bikira Maria. Ilichorwa ukutani katika kanisa kuu la Faras, Nubia, karibu na mpaka wa leo wa Sudan na Misri, kwenye karne ya 8 au ya 9. Imebaki sehemu ya juu tu: uso mrefu, macho makubwa yanayokukazia, shela kichwani, na kidole cha shahada kimewekwa mdomoni.

Wengi wetu bado tunadhani Ukristo uliingia Afrika kwa meli za wamisionari. Wanubi walikuwa Wakristo tangu karne ya 6. Katika kanisa hilohilo yumo askofu wao Petros, uso umechorwa kwa kahawia iliyokolea, na Mtume Petro amesimama nyuma yake, kamshika mabegani. Natamani watoto wetu wa kipaimara waione.

Ibada zilipokoma, mchanga wa jangwani ulilijaza jengo, na mchanga huohuo ukazitunza rangi kwa karne nyingi. Mwaka 1961 wanaakiolojia kutoka Poland, wakiongozwa na Profesa Kazimierz Michałowski, walianza kulifukua mbiombio, maana bwawa la Aswan lilikuwa linajengwa na maji ya Nile yangemeza eneo zima. Kazi ya kuzibandua picha ilinishangaza: walibandika karatasi nyepesi ya Kijapani juu ya mchoro, wakaipaka nta iliyochanganywa na utomvu mgumu, wakaipiga pasi ya moto mpaka ikashika, ndipo wakaikata lipu ya udongo polepole kwa nyuma. Pasi, kama ya nyumbani! Picha 67 zilikwenda Makumbusho ya Taifa ya Warsaw, Anna akiwa miongoni mwake. Nyingine zilibaki Khartoum, ambako makumbusho yaliporwa katika vita vilivyoanza 2023. Tusiache kuiombea Sudan. Faras yenyewe iko chini ya maji.

Turudi kwenye kidole. Wapo wanaosema ni ishara ya kunyamaza, wengine wanasema ni namna ya kusali kimoyomoyo. Mimi naegemea sala, kwa sababu ya jina. Biblia haimtaji mama wa Bikira Maria, tumempokea kwa mapokeo. Lakini Anna na Hana ni jina moja, na Hana tunamsoma katika 1 Samweli 1. Mwanamke tasa, ameonewa na mke mwenzake mpaka chakula hakipiti, anasali mbele za Bwana: midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli anamtazama na kuona mlevi. Mtu anayeshinda hekaluni kila siku, na sala ikamtokea mbele ya macho asiitambue.

Nisimcheke Eli. Mwezi uliopita, tulipofika kwenye maombi, mama mmoja mjane alisema, "Bwana," kisha akanyamaza. Nilidhani amekwama. Nikadaka sala, nikamwombea kwa sauti, kirefu, na mambo ya watoto wake nikayaweka humo. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni akanigusa mkono: "Mwalimu, nilikuwa bado naongea naye."

Sikuwa na la kujibu. Katika jumuiya yetu kimya kikizidi sekunde mbili lazima mtu aanzishe wimbo, na mara nyingi mtu huyo ni mimi.

Jumatano hii somo letu ni hilohilo la Hana. Likishasomwa tutakaa dakika tatu bila wimbo, bila "tuombe". Mwenye kulia alie, mwenye mtoto mchanga asiwe na wasiwasi, watoto wapige kelele zao. Yule mama mjane nimemwomba yeye ndiye aseme "Amina" atakapokuwa amemaliza, hata kama dakika tatu zimepita.