Sebule yangu ya kifahari na vumbi la Nzuguni

Jamani mwenzenu nilipoanza kujenga huku Nzuguni, Dodoma, akili yote ilikuwa kwenye sebule, yani nilishaimaliza kichwani tangu nikiwa nimepanga Dar. Nyeupe pee, marumaru zinazong'aa mpaka unajiona, makochi ya velveti, meza ya kioo cheusi, mapazia meupe, jipsamu ya ngazi tatu na zile taa za mkanda zinazobadilika rangi. Picha zote nilizitoa Pinterest. Na nikafanya vile vile kama pichani, tena kwa mkopo wa kazini.

Mwezi wa 8 ukafika. Anayeijua Dodoma ameshanielewa. Ule upepo ukiamka unabeba mtaa mzima unakuletea ndani, na haya madirisha yetu ya aluminiamu ya kusukuma yana vile vijia vya chini, vumbi linapita hapo kama limepewa funguo. Meza naifuta saa 1 asubuhi, saa 3 nikipitisha kidole naandika jina langu na linasomeka. Mapazia ndani ya wiki mbili yakawa rangi ya chai ya maziwa. Binti anayenisaidia kazi akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, kwani hii meza tusiifunike tu kitambaa?" Meza ya laki sita!

Afu mama mkwe akaja kutoka Mvumi. Nikamwamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, kwa mbwembwe zote, nikamkaribisha, nikawasha taa, bluu na zambarau zikaanza kupishana. Akakaa ukingoni mwa kochi kamkumbatia mkoba wake, akaangalia juu, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hapa mnauza na vinywaji?"

Nilicheka ila iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejenga baa.

Usiku ule tukapiga stori, akawa ananielezea tembe alilokulia, kuta za miti na udongo, juu paa la bapa lenye udongo mzito, mchana jua linawaka nje ila ndani pamepoa, usiku wa baridi ya mwezi wa 7 ndani kuna joto. Siku hizi kila mtu bati na tembe limebaki la kuhesabu. Mimi kilichonishika ni kitu kingine, nyumba ile ilikuwa na rangi ya ardhi yake, vumbi likiingia nani analiona? Ni ndugu wamekutana. Mimi nimechukua sebule ya watu wa nchi ya theluji nimeileta kwenye mji ambao mvua ikikata mwezi wa 4 ndo mpaka mwezi wa 11 au 12 huko.

Basi nikaanza upya kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara. Kuta tatu nikapaka rangi ya udongo uliopauka, ile isiyong'aa. Ukuta wa TV nikaubandika mawe, si unajua huku granaiti zipo kila kona mpaka unajiuliza nani alizimwaga. Fundi akataka ayapige vanishi yawe yanang'aa, nikamwambia weee, hapo hapo simama!

Kwenye mbao ndo nililia. Nilitaka shelfu ya mninga, fundi wa kwanza akala kiapo kwamba mbao zimekauka, mwezi wa 9 usiku tumelala tukasikia mlio, paa! Mume wangu akadhani wezi. Kumbe ubao umepasuka kati, hewa ya huku kavu mno, mbao mbichi inakauka ghafla inajivuta. Fundi wa pili alizilaza mbao stoo miezi miwili kabla hajazigusa na msumeno, shelfu mpaka leo imetulia, na ile rangi ya mninga jioni jua likiipiga, we acha tu.

Taa za rangi nimezing'oa zote. Kama una hela ya kubadilisha kitu kimoja tu badilisha taa, kwenye boksi la balbu kuna namba, 6500K ni ule mweupe mkali wa duka la dawa, 3000K ndo ile ya njano ya kutuliza. Nikaweka chache za pembeni na moja juu ya shelfu. Mapazia nikachukua kitambaa kizito rangi ya ugoro, upana mara mbili ya bomba lake ili yashuke na mikunjo, yanaanzia karibu na dari mpaka sakafuni. Vikapu vya Iringa nimetundika vitatu, sikutaka ukuta mzima ufanane na duka la watalii.

Makochi sijayatoa. Hela sina, na kusema ukweli nayapenda, velveti ni ugonjwa wangu. Meza ya kioo ilienda kwa wifi yangu Morogoro.

Mama mkwe alirudi Januari, safari hii kaja na kigoda chake cha miguu mitatu, akakiweka pale chini ya ukuta wa mawe, akakaa akanyoosha miguu akaomba chai. Alivyoondoka akakiacha. Nikampigia kumwambia mama umesahau kigoda, akasema hajasahau.

Imebaki korido. Mume wangu anataka wolpepa yenye picha ya maporomoko ya maji, wiki ya pili hii tunanuniana.